Zawadi, Tuzo na Mashine ya Kurudufu: Jinsi Magazeti ya Kiswahili Yalivyojipatia Wasomaji, Kutoka Pwani Hata Mwika

Mwika ni nchi ya mashariki ya Uchagga, kati ya Mamba na Rombo, penye migomba na mibuni, na penye soko ambapo watu wa mlimani na watu wa tambarare hukutana kubadilishana mazao yao. Toka Moshi mjini hata huko ni mwendo wa zaidi ya kilomita 30, kwa kupita Himo na Marangu. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini haikuunganishwa na reli ya kati, itokayo Dar es Salaam, mpaka mwaka 1963. Basi gazeti lililopigwa chapa Dar es Salaam zamani za Waingereza lilikuwa na safari ndefu kabla halijafika mkononi mwa mwalimu wa shule ya Mwika, na kila hatua ya safari hiyo ilikuwa na gharama yake. Waliotengeneza magazeti ya Kiswahili walilijua jambo hili vema. Shida yao haikuwa kupata maneno ya kuandika tu, bali kumpata msomaji wa mbali kama huyo, na akiisha kupatikana, kumshika asipotee.

Njia zilizojaribiwa kwa muda wa miaka zaidi ya 130 ni mbili hasa. Ya kwanza ni kutoa kitu: gazeti lenyewe bila bei, au kitabu, au fedha ya mashindano, ili watu wavutike. Ya pili ni kutumia zana nyepesi zisizohitaji mtaji mkubwa, ili gazeti liwe karibu na wasomaji wake na lisife kwa kukosa fedha za mpiga chapa. Kijana wa leo mwenye simu, atangazaye kwamba kila atakayemfuata na kuwaita rafiki zake watatu ataingizwa katika bahati nasibu ya muda wa maongezi, yamkini hudhani kuwa amevumbua jambo. Hakuvumbua. Amerithi desturi ya zamani, na pamoja nayo amerithi kosa lake la zamani.

Kosa hilo huonekana vizuri zaidi yakitazamwa maneno yenyewe, maana Kiswahili kimetenga mambo ambayo watangazaji huyachanganya. Zawadi, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na masurufu ya safari, ni kitu ambacho msafiri humletea aliyebaki nyumbani. Mpokeaji hakufanya kazi yoyote. Alibaki tu, naye akakumbukwa. Tuzo latoka katika kitenzi kutuza: ni fedha au nguo apewayo mwimbaji au mchezaji ngoma mbele ya macho ya watu, kwa sababu ameimba au amecheza vizuri. Hongo zamani halikuwa na aibu lililo nayo sasa. Lilikuwa malipo ya njia, aliyoyatoa msafiri kwa mwenye nchi apate kupita. Na takrima, yaani ukarimu kwa mgeni, lilikaa salama katika kamusi mpaka siasa za uchaguzi zilipoliingiza katika sheria ya Tanzania mwaka 2000. Mahakama Kuu ililiondoa humo mwaka 2006, lakini neno lenyewe halijapona.

Uchagga uliijua mapema hatari ya kutotenga mambo hayo. Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai akauona mlima wa Kilimanjaro mwaka 1848, alipokewa kwanza na Mangi Masaki wa Kilema, kisha na Mangi Mamkinga wa Machame. Alipokwenda mara ya tatu, mwaka 1849, Mamkinga alimdai kitu baada ya kitu hata bidhaa zake zikamwishia, ikambidi kurudi pwani bila ya kutimiza safari aliyoikusudia. Vitu ambavyo mgeni aliviita zawadi, mwenyeji alivihesabu kuwa haki ya nchi. Mwenye kutoa ili apendwe hugeuka kuwa mwenye kudaiwa. Na jambo hili, kama itakavyoonekana, limewapata watu wa magazeti pia.

Gazeti la Kiswahili lilianza kwa zana za wanafunzi. Mwaka 1888 chuo cha wamisionari wa Kiingereza huko Kiungani, Unguja, kilianza kutoa Msimulizi. Walioyapanga maneno yake herufi kwa herufi walikuwa vijana wa chuo hicho hicho, na wasomaji wake walikuwa hasa walimu waliokwisha soma hapo, wakatawanyika katika vituo vya bara. Habari zake zilikuwa ndogo ndogo: nani amehamishwa, nani ameoa, shule gani imefunguliwa. Mtu wa leo akizisoma aweza kuona kuwa hazina uzito. Lakini kwa mwalimu aliyekaa peke yake mbali na wenzake zilikuwa na uzito kuliko habari za wafalme, kwa kuwa humo aliliona jina la rafiki yake, na labda mwezi wa pili angeliona lake. Msimulizi halikuwa na haja ya kumvuta msomaji kwa kitu kingine. Baada yake huko Magila, katika nchi ya Wabondei, likatoka Habari za Mwezi kwa namna iyo hiyo.

Serikali ya Wajerumani ilifuata nyayo hizo bila ya kukiri. Kiongozi, gazeti la shule ya serikali ya Tanga, lilitoka mwanzoni mwa karne ya 20, nalo pia lilipigwa chapa na wanafunzi waliokuwa wakijifunza kazi hiyo. Halikuwa la dini, wala halikutumia hati za Kiarabu, na kwa sababu hizo mbili liliwakusanya makarani, askari na walimu wa sehemu mbalimbali katika lugha moja na hati moja. Wasomaji waliandika barua kutoka bomani kwao kueleza mvua, njaa, nzige na safari za mabwana wakubwa. Mwaka 1910 yakaja Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Vita ya mwaka 1914 iliyakata yote, lakini tayari walikuwako watu waliozoea kuandikia gazeti, na mazoea hayo hayakufa pamoja na serikali iliyoyaanzisha.

Mambo Leo ndilo lililoyavuna. Lilianza Januari 1923 mikononi mwa Idara ya Elimu, Dar es Salaam, likauzwa kwa senti 10. Bei hiyo yastahili kutazamwa. Serikali ingaliweza kuligawa bure, maana fedha haikuwa kikwazo kwake, na shabaha yake ilikuwa kueneza maneno yake kwa watu wengi iwezekanavyo. Hata hivyo liliuzwa. Senti 10 haikutosha kulipa gharama zote, lakini ilitosha kumtambulisha msomaji kati ya watu. Aliyetoa senti 10 alikuwa na shauri la kulisoma gazeti lake lote, kulisoma kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, na kukasirika lisipofika. Karatasi ya bure haimkasirishi mtu kwa kuchelewa.

Lakini nguvu ya Mambo Leo haikuwa katika bei tu. Ilikuwa katika kurasa za Habari za Miji, zilizopokea barua za watu wa wilaya zote, na katika kurasa za mashairi. Mtunzi hakulipwa fedha. Alilipwa kwa kuliona jina lake limepigwa chapa na kujua kwamba mtunzi mwingine wa Tanga au Kilwa atamjibu kwa mizani na vina vile vile. Hii ndiyo tuzo kwa maana yake ya asili, yaani mchezaji katikati ya uwanja na watu wakimtazama. Shaaban Robert alijulikana na wasomaji wa gazeti kabla hajajulikana na wasomaji wa vitabu, na Mathias Mnyampala wa Ugogo alipita njia iyo hiyo. Wataalamu wamezoea kuwahesabu watunzi hawa katika historia ya fasihi. Yafaa wahesabiwe pia katika historia ya uuzaji wa magazeti, maana kila mtunzi alikuwa na jamaa, wanafunzi na mahasimu wake, na wote hao walinunua.

Kwa kupimwa na Mambo Leo, habari ya Kwetu yasikitisha. Erica Fiah, mwenye asili ya Uganda na mwenye duka Dar es Salaam, alilianzisha Novemba 1937, likawa gazeti la kwanza la Kiswahili katika Tanganyika kumilikiwa na kutengenezwa na Mwafrika. Halikuwa na hazina ya serikali nyuma yake, wala misheni. Lilikuwa na wasomaji wenye hamu na barua zenye uchungu wa kweli, lakini lilisumbuliwa siku zote na deni na ukosefu wa matangazo. Fiah hakuwa na kitu cha kugawa. Hata hivyo liliendelea kwa taabu mpaka mwanzo wa miaka ya 1950, muda wa miaka kumi na zaidi, jambo ambalo magazeti mengi yaliyozaliwa na fedha tele hayakulifikia.

Kilimanjaro kulikuwa na shida ya namna nyingine kabla ya ile ya fedha, nayo ilikuwa ni shida ya lugha. Wamisionari wa Leipzig, waliofika mwaka 1893 na kuanzia Machame, walipendelea kufundisha na kuhubiri kwa Kichagga. Bruno Gutmann, aliyekaa Moshi ya zamani miaka mingi, alishikilia rai hiyo kwa nguvu, na Agano Jipya katika Kimoshi lilitoka mwaka 1939. Lakini Kichagga si kimoja. Mtu wa Machame na mtu wa Mwika wakisema kila mmoja lugha ya mamaye huelewana kwa shida, na mtu wa Rombo ni mbali zaidi. Kitabu cha dini chaweza kutafsiriwa mara mbili au tatu kwa subira ya miaka. Gazeti la kila mwezi haliwezi. Mpiga chapa aliyetaka kuwauzia Wachagga wote hakuwa na njia ila Kiswahili, hata kama moyo wake ulikuwa kwa Kichagga.

Neno hili ladhihirika katika vitabu kabla ya kudhihirika katika magazeti. Petro Itosi Marealle, Mangi wa Marangu, alipotaka kuhifadhi mila za watu wake aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu kilichotoka mwaka 1947, naye alikiandika kwa Kiswahili. Mwenye wivu wa Kichagga aweza kulaumu. Lakini kama Mangi huyo angaliandika kwa lugha ya Marangu, majirani wake wa Mamba na Mwika wangalikisoma vizuri, na watu wa Machame wangalikiacha.

Mwaka 1952 Thomas Marealle alitawazwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, na mwaka uliofuata Baraza la Wachagga likaanzisha gazeti lake mjini Moshi, liitwalo Komkya. Jina ni la Kichagga, nalo laeleza kupambazuka, kama kusema kumekucha. Maneno ya ndani yalikuwa Kiswahili. Hapo palikuwa na ustadi. Jina lilimwambia mtu wa mlima kwamba gazeti ni lake, na lugha ikamwezesha kulisoma bila ya kuuliza limeandikwa kwa Kichagga cha nani. Wakati nao ulikuwa mzuri. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda, wakulima wa Mwika, kama wenzao wa vyama vya msingi vya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933, walikuwa na fedha mkononi, na Baraza lilikuwa na mapato yatokanayo na kahawa hiyo. Shule zilikuwa zimeenea kuliko karibu kila mahali katika Tanganyika. Msomaji alikuwapo, lugha ilikuwapo, na fedha ilikuwapo.

Lililokuwa na shaka ni mtoaji. Gazeti lililosimamishwa na Baraza lilikuwa, kwa hali yoyote, zawadi ya Baraza kwa raia wake, na zawadi hufuata bahati ya mwenye kuitoa. Ubishi juu ya cheo cha Mangi Mkuu ulipozidi, Wachagga walipiga kura mwaka 1960, wakachagua kuongozwa na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Baada ya uhuru serikali za wenyeji za namna ile zikaondolewa nchini kote, na kwa Komkya hapakuwa na mwingine wa kulishika mkono. Halikufa kwa kukosa wasomaji wa Kiswahili mlimani, maana hao walizidi kuongezeka kila mwaka. Wasomaji hao walikuwa wamezoea kupewa gazeti na wakuu wao, hawakuzoea kulishika wenyewe. Hukumu hii yaweza kuonekana kali kwa gazeti lililofanya kazi njema, lakini ni vigumu kuikwepa likilinganishwa na karatasi nyingine iliyotoka miaka ile ile.

Karatasi hiyo ni Sauti ya TANU. TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilihitaji sauti, na mwaka 1957 ikaanza kuitoa bila ya mtambo wa chapa. Ilitumia mashine ya kurudufu. Vijana wa leo hawaijui zana hii, na kwa hiyo yafaa ielezwe. Karatasi laini yenye nta, iitwayo stensili, hutiwa katika taipureta iliyotolewa utepe wake, na kila herufi ikigonga hutoboa nta. Ukikosea, hupaka dawa ya kuziba, ukangoja ikauke, ukagonga tena. Kisha stensili hufungwa juu ya pipa dogo lenye wino, mpini ukazungushwa kwa mkono, na wino hupita katika matundu ya herufi ukatua juu ya karatasi. Stensili moja hutoa nakala mamia kadhaa kabla haijachakaa. Wino huchafua mikono, mistari hupinda, na ukurasa wa mwisho huwa na rangi ya kijivu. Lakini chumba kimoja chatosha, na mtu mmoja aliyefundishwa asubuhi aweza kufanya kazi hiyo mchana.

Sauti ya TANU haikugawa kitu chochote, wala haikuwa nzuri kwa macho. Mei 1958 ilichapisha makala yaliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili, na Julius Nyerere, aliyekuwa mtengenezaji wake, alishtakiwa kwa kashfa. Mwezi wa Agosti mahakama ilimpa hukumu ya kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ililipwa, na yasimuliwa kwamba wafuasi walichanga. Ikiwa hivyo ndivyo, basi hapa mambo yaligeuka kinyume cha desturi yote iliyoelezwa: gazeti halikuwapa wasomaji zawadi, wasomaji walilipa gazeti. Itasemwa kwamba hiyo ilikuwa siasa, na kwamba wakati wa kudai uhuru si wakati wa kawaida. Ni kweli. Lakini Komkya nalo lilitoka wakati huo huo, katika nchi iyo hiyo, kwa karatasi bora na fedha zaidi.

Isidhaniwe hapa kwamba kutoa ni kosa siku zote. Mashindano ya uandishi yametoa matunda ambayo hakuna mtu angalitaka kuyakosa. Taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika, iliyokuwa London, ilianza mashindano ya vitabu katika lugha za Waafrika mwaka 1930, mwaka ule ule Halmashauri ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi. Katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957–58, chini ya East African Literature Bureau, tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Muhammad Said Abdulla wa Unguja kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa kitabu mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika fasihi yetu kwa mlango huo. Lakini yafaa ikumbukwe aliyeshinda ni nani. Hakuwa mtu aliyeshika kalamu kwa sababu ya tangazo la mashindano. Alikuwa mtu wa magazeti kwa miaka, na baadaye alitengeneza jarida la Mkulima huko Unguja. Tuzo haikumfanya kuwa mwandishi. Ilimkuta akiandika, ikamtoa uwanjani watu wamwone. Tuzo za siku hizi, kama ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, zimefuata njia hiyo, nazo ni za haki kwa kadiri zinavyowakuta watu wakiwa kazini.

Zawadi kubwa kuliko zote katika historia hii ilikuwa ya serikali. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha akazitaja wilaya 6 ambazo ujinga wa kusoma ufutwe kabisa kabla ya mwisho wa mwaka 1971: Kilimanjaro, Upare, Ukerewe, Mafia, Masasi na Rungwe. Vitabu vya kwanza viligawiwa bure, walimu wa kujitolea wakatafutwa, na akina mama waliotoka shambani wakakaa darasani alasiri. Kufikia mwaka 1986 hesabu ya serikali ilikuwa imeshuka hata chini ya 10 katika kila 100. Hapa kugawa bure kulifaulu, wala hakuna haja ya kutafuta sababu ya mbali. Kitabu cha kusomea si gazeti. Mwanafunzi hakupewa kitu cha kushika tu. Alipewa kazi, na mwisho wa kazi palikuwa na mtihani. Shida ilikuja baadaye, aliyejua kusoma alipokosa cha kusoma. Magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho la kanda ya Ziwa lililoanza mwaka 1974, yalibuniwa kwa ajili hiyo, lakini karatasi ilikuwa ghali na nchi ilikuwa ikielekea katika miaka migumu.

Miaka 25 baadaye mtindo wa kugawa ulirudi kwa sura nyingine. Shirika la Femina Hip lilianza mwaka 1999 kutoa jarida la vijana, nalo likapelekwa bure katika shule za sekondari nchini kote, nakala nyingi kupita majarida yote ya kuuzwa. Kwa kipimo cha hoja ya makala haya, jarida la bure lingepasa kuwa karatasi ya kufungia maandazi. Halikuwa hivyo, na sababu yake yafundisha. Pamoja na jarida ziliundwa klabu shuleni, ambazo wanachama wake walilisoma kwa pamoja, wakajadiliana, wakaandika barua na baadaye ujumbe wa simu, na picha zao na maneno yao yakarudi katika jarida. Ni Habari za Miji za Mambo Leo zimevaa sare ya shule. Zawadi ilibadilika kuwa tuzo kabla haijapoa.

Kinyume chake ni shindano la mwaka 2009 hadi 2010 la Wikipedia ya Kiswahili. Kamusi elezo hiyo, iliyoanza mwaka 2003, ilikuwa ikikua polepole kwa kazi ya watu wachache wasiolipwa. Zana yake ni nyepesi kupita stensili: mwenye simu na mtandao aweza kufungua ukurasa, kuandika na kusahihisha, bila ya kumwomba mtu ruhusa. Kampuni ya Google ilitangaza mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, ikiahidi kompyuta za mkononi, simu na vitu vingine kwa watakaoandika makala nyingi na nzuri. Zaidi ya wanafunzi 800 walijiandikisha, na makala zaidi ya 900 yakapatikana katika muda wa miezi michache. Kwa hesabu, hakuna jarida la Kiswahili lililowahi kupata waandishi wengi hivyo kwa haraka namna hiyo. Baadhi ya makala yalikuwa tafsiri za mashine, yenye sentensi ambazo mwenye kujua Kiingereza tu ndiye awezaye kuzifahamu. Na shindano lilipokwisha, wengi wa washindani hawakurudi tena. Walifanya kilichotakiwa, wakachukua walichoahidiwa au wakakikosa, wakaenda zao, wala hawana lawama. Walioalikwa kwa kompyuta waliondoka na kompyuta.

Kazi ya kusahihisha makala yale ilibaki kwa wachache waliokuwako kabla ya shindano. Hao hao ndio walioendelea kuifungulia ukurasa kila kata ya Tanzania, pamoja na hesabu ya watu wake kwa mujibu wa sensa. Mwika Kaskazini ina ukurasa wake, na Mwika Kusini ina wake, mistari michache kila mmoja. Humo soko halimo, wala kahawa, wala lugha isemwayo hapo.